Kottayam inasoma, na Muheza je?

Huu ni mwaka wangu wa sita Kottayam, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, na kila nikipiga simu nyumbani Muheza, Tanzania, huulizwa swali lile lile: je, ni kweli kwamba huko kila mtu anajua kusoma? Huwajibu kwamba ni karibu na kweli.

Mji wenyewe ni mdogo kwa kipimo cha India. Sensa ya 2011, ambayo bado ndiyo inayotegemewa kwa kuwa ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO-19, ilihesabu watu 55,000 na ushei ndani ya mipaka ya manispaa ya wakati huo. Katika wilaya nzima, yenye watu karibu milioni 2, takriban asilimia 97 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea walijua kusoma na kuandika, ilhali wastani wa India nzima ulikuwa kama asilimia 73. (Karani wa sensa, ieleweke, huuliza tu, hampi mtu gazeti alisome mbele yake.)

Juni 1989 Kottayam ilitangazwa kuwa mji wa kwanza nchini India uliofuta ujinga wa kutojua kusoma. Kwa Mtanzania hilo si jambo geni: Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi yangu alijifunza kuandika jina lake chini ya mwembe, mtoto akiwa mgongoni. Kampeni tulikuwa nayo, tena tuliwatangulia. Tulichokosa ni cha kusoma baada ya kampeni. Hapa matbaa ilikuwapo tangu 1821, gazeti la Malayala Manorama lilianza kutoka 1890, na mwaka 1945 P. N. Panicker alianza kuziunganisha maktaba za vijiji kuwa chama kimoja. Bibi alikuwa na kitabu kimoja cha kisomo, na kilipokwisha, kusoma kwake nako kukaishia hapo. Hata leo, pale stendi ya Muheza, wanaosoma vichwa vya habari kwenye meza ya magazeti ni wengi kuliko wanaonunua.

Mwenye nyumba wangu ana mgema mpira, yaani mchanjaji wa miti ya mpira, mama wa miaka sitini na kitu, ambaye akishamaliza kazi ya asubuhi huketi kwenye ngazi ya jiko, akakunja gazeti mara nne na kuanza na ukurasa wa tanzia, kidole kikifuata mstari. Bei ya mpira huisoma mwisho. Siku moja nilimsikia akimrudishia tajiri wake daftari la mizani, kwa sababu kilo mbili hazikuwa zimeandikwa.

Hata hivyo elimu hiyo ina gharama yake. Kati ya 2001 na 2011 wilaya iliongezeka watu kwa kiasi cha asilimia 1 tu. Wanandoa huzaa watoto wachache, na vijana waliosoma wako nchi za Ghuba au wanauguza wagonjwa Ulaya, huku majumba makubwa yakilindwa na wazee wawili wawili. Kazi za ujenzi zimeshikwa na vijana wa Bengal na Assam, mashariki mwa India, ambao Kimalayalam, lugha ya Kerala, hawakisomi, sawa na mimi. Shahada yangu hainisaidii kitu mbele ya bango la basi. Humwomba aliye karibu anisomee, na mara mbili aliyenisomea alikuwa yule mama mgema mpira.