Mashine ilisema nina tezi dume

Wifi yangu alikuja kwetu Jumapili moja na kompyuta mpakato na kijimashine chenye waya. Mwisho wa waya kuna kipande cha chuma, unene wa mwichi wa kutwangia iliki. Unakishika mkononi dakika moja hivi, kompyuta inalia lia, halafu inatapika ripoti: ini, figo, mifupa, kizazi, "sumu mwilini". Alikuwa na miezi mitatu tangu ajiunge na biashara ya mtandao ya virutubisho, na kama ilivyo kawaida, ndugu ndio mtaji wa kwanza.

Akaanza na kaka yake. Akajaza jina, umri, urefu, uzito, jinsia. Majibu: damu nzito, ini limechoka, tezi dume inaanza. Ikaja zamu yangu. Chai ikaletwa, watoto wakagombana, wifi akasahau kubadilisha taarifa. Nikashika chuma changu kwa adabu zote. Na mimi tezi dume ikawa inaanza.

Tulicheka mpaka machozi, yeye mwenyewe akiwamo. Akajaza upya, na safari hii nikawa na uvimbe kwenye kizazi na upungufu wa kalsiamu. Kicheko kilipoisha, mume wangu akatoa laki na elfu themanini akanunua makopo mawili. Mashine aliiona ikimpa mkewe ugonjwa wa wanaume, na bado alinunua.

Nimelifikiria sana jambo hili, maana si mjinga yule. Anasoma risiti ya luku mpaka senti ya mwisho. Lakini ana miaka hamsini na mbili, usiku anaamka mara tatu, na baba yake alisumbuliwa na tezi. Hospitali anaikwepa kwa sababu ya kile kipimo cha kidole ambacho wanaume wanasimuliana vijiweni kama hadithi ya jini. Hata ukimwambia kuna kipimo cha damu cha kuanzia, anasikia kidole tu. Kopo halimuulizi kitu. Halimvui suruali wala halimpangi foleni.

Nililigeuza lile kopo nisome maandishi madogo ya nyuma. Ndani kulikuwa na vitamini E nyingi, ikisifiwa kwamba inalinda tezi. Sasa hapo ndipo nilipochoka. Marekani walilichunguza swali hilo hilo kwa wanaume zaidi ya 35,000, baadhi yao wakipewa vitamini E yuniti 400 kila siku. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza kidonge kitupu. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wavuta sigara wa Ufini waliopewa beta-karotini, ile rangi ya karoti tunayoisifia, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Karoti haina kosa. Kosa ni kukichukua kitu kimoja kilichomo ndani yake, ukakikoleza, ukadhani mwili utashukuru kwa kila ziada.

Wanawake tusijichekee, sisi ndio wateja wakubwa. Hesabu za Marekani za mwaka 2017 na 2018 zinaonyesha kwamba karibu asilimia 64 ya wanawake wazima walikuwa wametumia kirutubisho cha aina fulani ndani ya siku thelathini, wanaume kama asilimia 51. Kwa wanawake wa miaka 60 na kuendelea ilifika asilimia 80. Hapa Dar es Salaam sina hesabu ya kuwatajia, nina simu yangu tu. Kila nikiifungua naletewa vidonge vya kuongeza hipsi, vya kusafisha kizazi, vya nywele, vya ngozi kung'aa. Kizazi hakisafishwi kwa kidonge, jamani. Na vile vya nywele vyenye wingi wa vitamini iitwayo biotini vinaweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwamo vya tezi ya shingo na vya moyo. Ukienda maabara, mwambie daktari unachomeza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ndani ya nyumba hii hii, kidonge chenye kazi ya kweli kilitupwa. Nilikitupa mimi.

Nikiwa na mimba ya pili, kliniki walinipa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu: madini ya chuma na asidi ya foliki. Bure kabisa. Vilinipa kichefuchefu, choo kikawa cheusi kama lami, mdomo unanuka msumari. Vile nilivyomeza, nilivishushia na chai ya rangi, na chai ndiyo inayozuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Baada ya wiki mbili nikaanza kuviweka kwenye mkoba. Nilipokwenda kujifungua, muuguzi akatazama kiganja changu, akavuta kope ya chini, akaguna. Damu ilikuwa chini. Mkoba ulikuwa na pakiti nne.

Sikuwa peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Na hapa mwanamke na mwanaume hawako sawa hata kidogo. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 hivi za madini ya chuma kwa siku, mwanaume 8. Mwanaume hana hedhi ya kuyapunguza yakizidi. Yanakaa tu mwilini. Kwa hiyo lile kopo la "familia nzima", lenye madini ya chuma, baba na mama wakimeza kidonge kimoja kimoja kwa upendo, limemkosea mmoja wao.

Foliki nayo ina saa yake. Mfereji ambao baadaye unakuwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne hivi tangu mimba itunge, wakati mama bado anahesabu siku. Mwaka 1991, utafiti uliofanywa katika nchi saba kwa wanawake waliowahi kuzaa watoto ambao mfereji huo haukufunga vizuri, kama wale wa mgongo wazi, ulionyesha kwamba foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza kujirudia kwa tatizo hilo kwa asilimia 72. Sisi wengi tunakwenda kliniki mimba ina miezi minne, mitano. Vidonge bado vitasaidia damu, ila kwa mgongo wazi muda umeshapita. Viwanda vikubwa vinatakiwa kuweka foliki kwenye unga, lakini sembe ya mashine ya mtaani, ambayo ndiyo wengi tunakula, haina.

Siyachukii makopo yote. Mama mkubwa wangu ana kisukari na amemeza metformin miaka mingi. Miguu ikaanza kuwaka moto, akauziwa vidonge vya "neva" vya bei ya mbuzi. Daktari mmoja mwenye subira akampima vitamini B12, akaikuta iko chini, maana dawa ile huishusha kwa baadhi ya watu. Akamwandikia B12 ya kawaida ya duka la dawa. Ni kirutubisho vilevile, ila hiki kilitanguliwa na kipimo, na aliyekipima hakuwa ndiye anayekiuza.

Nilimwuliza wifi: hii ni dawa au chakula? Akanijibu, "Wifi, siyo dawa, ni lishe." Nikamuuliza inafanya nini. "Inatibu presha, kisukari na vidonda vya tumbo." Hakuona tatizo lolote. Sasa ameacha biashara, ana maboksi sita uvunguni, na sisi hatuyataji tukimtembelea.

Mwezi uliopita mdogo wangu alifanyiwa kitchen party. Wengine walileta sufuria, blenda, doti za kanga. Mimi ndani ya kanga nilifunga kopo la asidi ya foliki, ambalo bei yake haifiki sahani ya wali kuku. Lilipotolewa mbele ya watu, ukumbi ukanyamaza kidogo. Somo akanisogelea sikioni akaniuliza kwani bibi harusi ana ugonjwa gani.