Fedha za Mirihi, maji ya Arumeru

Kila chombo kipya kinapotua Mirihi, vijiweni Arusha huzuka swali lilelile: wenzetu wanahangaika kutafuta maji kwenye sayari nyingine, wakati ya hapa kwetu hayanyweki? Wanaolipuuza swali hili wengi hawajakaa chini ya Mlima Meru. Miamba ya volkano ya mlima ule ina madini ya floraidi, nayo huingia kwenye chemchemi na visima. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake bado yanajijenga huota meno ya kahawia, na kiwango kikizidi sana hata mifupa ya miguu hupinda. Pita Ngarenanyuki au Ngurdoto, wilayani Arumeru, uone vijana wanavyoziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku ziko chemchemi zinazokivuka mara kadhaa.

Weka hayo pembeni ya dola bilioni 2.7, gharama ya Perseverance, kigari cha Marekani kilichotua Mirihi Februari 2021. Mpango wa kuleta duniani mawe kinayoyakusanya ulikadiriwa kufikia dola bilioni 11, hadi NASA, shirika la anga la Marekani, wenyewe wakasema mwaka 2024 kwamba ni ghali mno. Mzazi wa Arumeru akiguna, ana haki.

Ila fedha zile hazijawahi kuwa zetu. Safari za Mirihi zikifutwa kesho, hakuna anayeweza kuahidi kwamba senti moja itafika Usa River. Na si kila safari ni ya mabilioni: Septemba 2014 India ilifikisha chombo chake kwenye mzunguko wa Mirihi, kwa jaribio la kwanza, kwa takriban dola milioni 74.

Sababu inayonifanya niunge mkono uchunguzi wa sayari, hata hivyo, iko karibu zaidi. Iko Wilaya ya Ngorongoro, na inaitwa Oldoinyo Lengai.

Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, kwa joto lisilofika nyuzi 600, karibu nusu ya lava ya kawaida. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Humo mna madini ya nyerereiti, yaliyopewa jina kwa heshima ya Mwalimu. Kati ya 1990 na 1994, chombo cha NASA kiitwacho Magellan kiliichora sayari ya Zuhura kwa rada, kwa kuwa mawingu yake hayapenyeki kwa macho, kikakuta mifereji ya ajabu. Mmoja, Baltis Vallis, una urefu wa kilomita 6,800 hivi, zaidi ya Mto Nile. Lava gani inaweza kutiririka mbali hivyo bila kuganda? Baadhi ya wanasayansi walipendekeza lava ya jamii ya Lengai, maana uso wa Zuhura wenyewe una joto la nyuzi 465 hivi, si mbali na la lava hiyo, kwa hiyo isingeganda upesi. Bado ni dhana, lakini imetokana na mlima wetu.

Faida haiendi upande mmoja tu. Julai 2007 ardhi ilitetemeka mfululizo karibu na mlima Gelai, jirani ya Lengai, na mitetemo ikasikika hadi Nairobi. Satelaiti za rada zilionyesha jinsi mwamba ulioyeyuka ulivyokuwa ukijipenyeza chini ya ardhi, na Septemba Lengai ikalipuka. VERITAS, chombo ambacho NASA ilikichagua mwaka 2021 kwa ajili ya Zuhura, kimekusudiwa kupima uso wa sayari ile kwa mbinu ya jamii hiyohiyo. Jiji la Arusha limekaa chini ya Meru, volkano iliyolala tu. Ujuzi wa kusoma milima ya mbali unatuhusu.

Nisichokikubali ni hoja ya kuigeuza Mirihi makazi ya pili ya binadamu. Mgandamizo wa hewa yake haufiki hata asilimia moja ya ule wa hii tunayovuta. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta udongo wake una perklorati, chumvi zenye sumu. Anayesema atayasafisha maji ya huko kwa ajili ya mji mzima anieleze kwanza kwa nini ya Ngurdoto bado yanaumiza watoto, ilhali mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa vizuri, unachuja floraidi. Mbinu ipo. Watu pia wapo: Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, pale Tengeru, alipata Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji.

Kwa hiyo hazina ya Tanzania ianze na maji, na katika hilo wanaolalamika vijiweni wako sahihi kabisa. Wamarekani na Wahindi wapeleke vyombo vyao, hasa Zuhura. Ila watafiti wao wakija kupanda Lengai, nataka mwanajiolojia wa Kitanzania awe ndani ya timu kama mtafiti, jina lake liandikwe kwenye matokeo, na sehemu ya mawe ibaki kwenye maabara zetu.