Telegramu ya Zimmermann: Tahadhari au Uchokozi?

Januari 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Arthur Zimmermann, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, alimtumia mwakilishi wake nchini Mexico, Heinrich von Eckardt, telegramu ya siri. Ilisema kwamba kuanzia Februari 1 nyambizi za Ujerumani zingezamisha meli bila kubagua. Marekani ikiingia vitani kwa sababu hiyo, Mexico ipewe ushirika na fedha, nayo itwae tena Texas, New Mexico na Arizona.

Waingereza waliinasa, wakaifumbua, na Machi 1 magazeti ya Marekani yakaichapisha. Wengi walidhani imeghushiwa, mpaka Zimmermann mwenyewe alipokiri. Utetezi wake ulikuwa kwamba pendekezo lilikuwa na sharti: vita kwanza, ushirika baadaye.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Nchi iliyo vitani hujipanga kwa adui anayeweza kuongezeka. Tena mwaka 1915 Uingereza na wenzake waliivuta Italia vitani kwa mkataba wa siri wa London, wakiiahidi ardhi ya watu wengine. Kwa kipimo hicho, Berlin haikubuni dhambi mpya.

Lakini utetezi unavunjwa na Zimmermann mwenyewe. Februari 5 alimwagiza Eckardt asisubiri tena, aanze mazungumzo mara moja. Marekani ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi siku mbili kabla, ila haikuwa vitani. Sharti liko wapi hapo? Na telegramu ya kwanza ilipitia njia ya mawasiliano ya Marekani yenyewe, ambayo Rais Wilson aliwafungulia Wajerumani ili kurahisisha juhudi za amani. Kwangu mimi hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu liliwaumbua waliokuwa bado wanatafuta suluhu.

Waingereza nao hawakufanya hisani. Walikaa na siri hiyo wiki kadhaa, wakitafuta nakala nyingine Mexico ili isijulikane kwamba walikuwa wakichungulia mawasiliano ya Marekani. Walitaka jeshi la Marekani upande wao. Hata hivyo, walichokionyesha kilikuwa kweli, na raia wa Marekani walistahili kukijua.

Aprili 6 Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Telegramu haikuwa sababu pekee: meli zilizozamishwa zilichangia pakubwa. Rais Carranza wa Mexico alikwishaona kwamba Ujerumani, iliyozingirwa baharini, isingeweza kumfikishia silaha. Aprili 14 akakataa pendekezo hilo.