Saa ya Malkia

Mama mkwe alikuwa anafika Edinburgh saa kumi na nusu, kwa treni kutoka London. Mke wangu kabla ya kwenda kazini aliniachia neno moja: "Usichelewe. Mama namjua mimi." Muda nilikuwa nao tele, basi nikapanda tramu hadi Leith, bandari ya mji huo, kutazama Britannia, meli ya Malkia Elizabeth iliyogeuzwa makumbusho.

Simu ikazima nikiwa ndiyo kwanza naingia. Si kitu, ukutani kulikuwa na saa: tisa na dakika moja.

Nilitarajia dhahabu mpaka chooni. Thubutu! Michoro ya kwanza Malkia aliikataa kwa kuwa ya kifahari mno, kazi akapewa msanifu Hugh Casson. Chumba cha kulala cha Malkia kina kitanda cha mtu mmoja, kama changu cha bwenini. Mumewe alikuwa na chumba chake, mlango katikati (hili mke wangu simwambii). Sebuleni walitaka meko ya makaa, ila kanuni za wanamaji zilidai baharia asimame hapo na ndoo muda wote moto unapowaka. Wakaweka ya umeme. Nilibaki pale nikimuwaza huyo baharia na ndoo yake, kakodoa macho darini, masikio yamesimama, siri zote za ukoo zinampitia.

Natoka, saa nyingine: tisa na dakika moja. Nikajipongeza, kumbe natembea haraka! Nikaagiza chai na keki, nikala taratibu kama mgeni wa ikulu. Kurudi ndani, saa ya tatu: tisa na dakika moja. Hapo ndipo moyo ukalipuka, maana chai niliiacha imeshapoa.

"Samahani dada, saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasoro robo."

"Na hii?"

Akacheka. Saa za humo zilisimamishwa mwaka 1997, dakika ileile Malkia aliposhuka kwa mara ya mwisho.

Nilimkuta mama stesheni amekalia sanduku, kanga juu ya koti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamweleza yote: Malkia, meli, saa, 1997. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye saa kubwa ya stesheni.

"Na hii nayo, baba, kashuka nani?"