Nyumba iliyopakwa saruji siinunui

Nina mimba ya miezi sita, watoto watatu wanalala chumba kimoja, na hii ni wiki ya tano mimi na mume wangu hatujakubaliana juu ya nyumba mbili hapa Leicester, Uingereza. Zote ni za zamani. Moja iko Clarendon Park, kwenye safu ya nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na juu ya mlango pana jiwe lililochongwa 1887. Ya pili iko upande wa Evington, imejengwa Malkia Victoria keshafariki, enzi za mwanawe Edward. Hiyo ni pana, ina kibustani mbele na vyumba vinne vya kulala. Mume wangu anaitaka ya Evington. Mimi naitaka ya 1887, yenye vyumba vitatu, na naandika kwa sababu naona wenzangu wengi huku tunanunua nyumba kwa kuhesabu vyumba na kutazama rangi. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar tunajua kutazama ukuta.

Siku tuliyokwenda Evington nyumba ilikuwa inanukia rangi mbichi. Kila kitu cheupe, zulia jipya, watoto wakakimbia juu kuchagua vyumba. Kwenye chumba cha nyuma palikuwa na kabati kubwa limeegemezwa ukuta wa nje, nikamwomba dalali ruhusa ya kulisogeza kidogo. Nikapitisha mkono nyuma yake. Ukuta ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na nilipoutoa mkono vidole vilikuwa vimerowa na vimeshika weusi wa ukungu. Dalali akasema ni mambo ya kawaida wakati wa baridi, fungueni madirisha. Nikatoka nje nikaizunguka nyumba. Kuta zote zilikuwa zimepigwa plasta ya saruji kutoka chini mpaka kwenye madirisha ya juu, kisha zikapakwa rangi nyeupe. Hata yale matundu ya hewa ya chini ya sakafu yalikuwa yamezibwa na saruji hiyo hiyo.

Kwa asiyejua: nyumba nyingi za hapa za kabla ya Vita vya Kwanza zina ukuta mmoja mzito wa matofali, kama sentimita 23, bila uwazi katikati kama nyumba za sasa. Mvua inaingia kidogo kwenye tofali, jua na upepo vinaitoa. Matofali yameunganishwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali lenyewe, na unyevu unatokea hapo. Zamani karibu kila chumba kilikuwa na moto wa makaa ya mawe, na dohani ilikuwa inavuta hewa mchana na usiku, nyumba ikakauka. Leo dohani zimezibwa, madirisha yamewekwa ya plastiki yasiyopitisha pumzi, na familia ya watu sita inapika, inaoga na inaanika nguo ndani kuanzia Novemba mpaka Machi. Ukiuvika ukuta wa namna hiyo koti la saruji, mvuke wote huo hauna pa kutokea. Unakaa ndani pamoja na vifua vya watoto wako.

Hili sikulisoma popote. Nimeliona kwa babu yangu. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, vyumba virefu vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, baba zangu wadogo walichoka kupaka chokaa kila baada ya masika, wakaleta mifuko ya saruji. Babu alikaa barazani akawaambia, "Mnaifunga nyumba pumzi." Hawakumsikiliza, kwa kuwa saruji ilikuwa alama ya maendeleo. Misimu mitatu tu ikapita, plasta ikaanza kutoka mapande kwa mapande, chumvi ikajitokeza nyeupe ukutani, na fundi alipobomoa kuangalia akakuta vichwa vya boriti vimeoza ndani ya ukuta. Chumba cha juu kikahamwa. Mpaka leo hakilaliwi.

Kwa hiyo nilipofika Clarendon Park nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, nikatoa ufunguo, nikaukwaruza kidogo kwenye kiungo cha matofali. Ikatoka unga mweupe wenye chembe za mchanga. Chokaa! Nilijikuta machozi yananilenga, na mume wangu akashangaa. Bibi kizee aliyekaa humo miaka yote hakuwa na fedha za kuibadilisha, na kwa ukata wake ameiokoa. Madirisha bado ni ya mbao, yale ya kupandisha na kushusha kwa kamba. Matundu ya hewa yako wazi. Kabati tulilolisogeza nyuma yake pakavu. Pana sehemu moja tu mbaya, chini ya dirisha la jiko, ambapo mtu aliwahi kuziba viungo kwa saruji, na matofali ya hapo yamebanduka nyuso kwa sababu maji yanaganda ndani yake wakati wa barafu. Mita moja na nusu ya ukuta, na imenifundisha zaidi kuliko maneno yote ya dalali.

Siifichi aibu yake. Ngazi imesimama wima na nyembamba. Choo na bafu viko nyuma ya jiko, kwa kuwa ilipojengwa haikuwa na bafu, likaongezwa baadaye. Kwenye cheti cha matumizi ya nishati, ambacho herufi zake zinaanzia A mpaka G, imepata E, na ile ya Evington imepata D. Mume wangu ananionyesha herufi hiyo kila siku, na ana haki, bili ya gesi ataichangia yeye. Lakini cheti hicho hakipimi ukungu nyuma ya kabati.

Fedha ni habari nyingine. Sisi tunanunua kwa musharaka: benki inanunua pamoja nasi, tunalipa kodi ya sehemu yake huku tukiinunua kidogo kidogo. Kwa sheria ya hapa, mnunuzi wa njia hii hatozwi mara mbili ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba. Nashukuru hilo lipo. Kisichonitulia ni kwamba hapa Uingereza hata mwenye nyumba akikubali bei yako, hamjafungana mpaka mbadilishane mikataba, na anaweza kumpa mwingine.

Na nisipake nyumbani asali. Kwetu nyumba hununui ukiwa na mimba ya miezi sita; unaikuta. Familia ikikua mnapandisha ghorofa au mnagawa ukumbi, na mtoto halali peke yake hata siku moja. Lakini nyumba hiyo hiyo ikirithiwa na watu ishirini na saba, waliotawanyika Dar, Maskati na Toronto, hakuna anayenunua hata mfuko mmoja wa chokaa. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani kule kwetu Zanzibar, ilijengwa 1883, miaka minne tu kabla ya hii nyumba ya Clarendon Park, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka ikiwa katika matengenezo. Nililia siku ile hapa jikoni. Nyumba ya bibi kizee wa Leicester, mtu asiyekuwa na jina popote, imesimama, na jumba la Sultani likaanguka. Hapa mwenye nyumba ni mmoja na anajulikana, mfereji wa mvua ukivuja ni wake, na safari hii naona wenzetu wametushinda.

Lililobaki ni la mama. Atakuja, inshallah, kunilea siku zangu arubaini, na magoti yake hayapandi ngazi ile. Mume wangu akasema, basi Evington, sebule kubwa, atalala chini. Nikarudi Clarendon Park na futi. Chini pana vyumba viwili vyenye mlango kati yao, ambao wanunuzi wengi wa siku hizi wangeuvunja pamoja na ukuta wapate ukumbi mmoja. Cha mbele kitakuwa cha wageni wa kiume. Cha nyuma kina mita 3.4 kwa 3.6, kitanda cha mama kinaingia na kitanda changu kinaingia, na bafu liko mlango wa pili bila ngazi hata moja. Nikampigia simu nikamweleza. Hakuuliza vyumba vingapi wala bei gani. Aliuliza, "Ukuta wa nyuma unapigwa na jua la asubuhi au la jioni?"

La asubuhi, mama. Jumatatu tunapeleka bei yetu, na fundi wa chokaa tumeshampata kwa ajili ya ile mita moja na nusu.