Wavu wa Kuku

Ogopeni sana neno "tu" likitoka kinywani mwa fundi. "Imebaki kuweka wavu tu, mzee." Hilo "tu" limenila wiki tatu, nauli za daladala zisizo na idadi, na heshima kidogo niliyokuwa nimebaki nayo nyumbani.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Nilitaka jiko la kuchomea nyama, nikapata pipa la lita 200 lililokuwa la mafuta ya kula, siyo la dawa wala la rangi, maana hayo hata ukiyasugua mpaka mkono uchubuke hujui umekula nini. Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani kwetu Tabata akalipasua kwa urefu, akalitia bawaba, miguu minne, na kipande cha bomba la kutolea moshi. Tukawasha kuni humo ndani ili rangi yote iungue kwanza. Ukilitazama kwa mbali unadhani ng'ombe asiye na kichwa kasimama uani.

Na mimi sikutaka kuchoma juu juu, nyama nyeusi nje na ndani bado inalia. Nilitaka kubanika. Mkaa upande mmoja, kuku upande wa pili, kifuniko chini, moshi wa mti wa mwembe unamzunguka saa tatu, nne, bila haraka. Vibua nao pembeni wanajikausha. Nilishawaambia mpaka wakwe.

Basi nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, kifua mbele.

"Nataka wavu wa kuku."

"Kuku wangapi, mzee?"

Mzee! Nina miaka 43. Nikameza.

"Mmoja, kwa kuanzia."

"Banda la kuku mmoja?"

"Siyo banda. Huyo kuku ameshakufa."

Kijana akanitazama, akageukia stoo. "Oya, njoo umsikilize huyu mzee, kafiwa na kuku."

Wakanipa pole, wakacheka, halafu wakanitolea roli la wavu wa matundu ya pembe sita, ule ule tunaoujua wote. Nikaomba mita moja. Hawakati. Roli zima, mita 30, au niende na Mungu. Kwa hesabu zangu, na siku hizi mimi kila kitu nakipima kwa kilo za nyama, roli lile lilikuwa kilo sita za mbuzi. Nikalipa. Mwanaume ukishaambiwa kafiwa na kuku huwezi tena kutoka mikono mitupu.

Nyumbani nikakata kipande, nikakifunga kwenye pipa kwa plaizi, nikawasha mkaa. Kuku hajawekwa bado, namshukuru Mungu. Waya ukaanza kutoa moshi mweupe, nikasema hewala, moshi ndiyo tuliokuwa tunautafuta! Fundi akawa anapita. Akasimama, akaziba pua kwa fulana.

"Hiyo zinki, mzee. Toa."

Akanisimulia kwamba aliwahi kuchomelea geti la mabomba ya zinki siku nzima chumbani, madirisha yamefungwa. Usiku akatetemeka, homa, jasho, viungo vinauma. Alfajiri kaenda kupima malaria, hakuna. Siku ya pili mzima. Wenzake wote wanaijua homa hiyo, na wote wanakunywa maziwa wakiamini ndiyo dawa, sijui maziwa yanafika vipi kwenye mapafu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419, akasema, na mkaa ukipulizwa unapita 600 kirahisi. Halafu akaniuliza kuku wangu nimemloweka kwa kitu gani. Nikasema ndimu, kama watu wote. Akatikisa kichwa. Kumbe hata pasipo moto mkali, ndimu inakula zinki. Yaani mimi namkoleza kuku ndimu, ndimu inamkoleza kuku mabati.

Huko nyumbani, kilo sita za mbuzi zimesimama ukutani zimejiviringisha, na mama watoto anazitazama bila kusema neno. Mwanamke akisema, unajibu. Akinyamaza, unakwenda Gerezani.

Gerezani, pale karibu na Kariakoo, kila kitu cha chuma kipo, ila hakuna anayekiuza kwa kazi yako. Kuna wavu wa dirisha, wavu wa mbu, wavu wa kuchekechea mchanga, wavu wa spika, wavu wa zege. Ukisema wa kuchomea nyama, wanakuelekeza kwa mama lishe. Mmoja akanishawishi nichukue wa zege, "huo hata ukichoma ngamia haupindi". Kweli haupindi. Matundu yake sentimita 20 kwa 20. Kuku mzima anapita pale na mabawa kayakunjua, anageuka, anaaga.

Nikauliza wenye matundu madogo. "Geji ngapi?" Hapo nikajiona mjanja, maana nimeezeka nyumba. Kila aliyeezeka anajua bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, namba ikipanda mali inashuka. Nani alipanga hesabu hiyo, sijui, ila angekuwa anapanga mishahara ningekuwa tajiri. Nikasema kwa sauti ya mtu mzoefu: "Geji 16." Akaniletea waya wa milimita moja na nusu hivi, umefumwa vizuri kama mkeka. Alipoukata kipande, ukaanza kufumuka pembeni, waya mmoja, wa pili, wa tatu, kama fulana ya mtumba iliyovutwa uzi. Nikamwambia huu hata njiani haufiki. Geji 8, milimita nne, ndiyo hasa ya kuweka chini ya mkaa, hakuwa nayo.

Wa duka la tatu akasema anacho chuma cha pua, hakishiki kutu, cha hoteli kubwa kubwa. Nilipomtuma kijana wake akanitolee hicho chuma cha pua, kijana akajishika pua yake kwanza, simlaumu, hata mimi sijawahi kuelewa pua ya nani. Lakini safari hii nilikuja na silaha. Usiku wake nilibomoa spika ya zamani ya redio nikachomoa sumaku, kwa sababu niliambiwa chuma cha pua hakishikwi na sumaku. Nikaitoa mfukoni. Ikaruka yenyewe, pwa, ikang'ang'ania wavu.

"Hii siyo ya pua, bosi."

"Bosi, hiyo sumaku yako ni kali mno."

Nikahama. Duka la nne, sumaku haikushika kabisa. Moyo ukaruka. Nikaunyanyua ule wavu, mwepesi kama unyoya. Alumini! Nayo haishiki sumaku, na inayeyuka kwenye nyuzi 660. Ningefunua kifuniko nikute kuku kalala majivuni kavaa suruali ya bati. Jioni namsimulia fundi, ndipo ananiambia kuna chuma cha pua kinachoshika sumaku vilevile, cha namba 430, ambacho hakishiki ni cha 304. Yaani yule wa duka la tatu niliyembishia huenda alikuwa mkweli. Na spika ya baba yangu nimeshaiua.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Nilimwomba mama watoto chekeche lake la unga, lile kubwa, nilijaribu tu kipimo chake kwenye pipa. Kulipima, wallahi. Alinikuta nalo mkononi, plaizi mkono wa pili. Hatukuzungumza hadi Ijumaa.

Shemeji naye akaja na wazo lake, rafu mbili za friji bovu, zinang'aa. "Hizi zimeshazoea chakula," akasema. Zimezoea chakula baridi, shemeji! Rafu nyingine za friji za zamani zilipakwa kadmiamu, na hiyo ukiipasha moto ni sumu ambayo zinki ni mdogo wake wa mwisho. Nilimrudishia. Kanuna. Anadhani nimedharau zawadi, na amekwenda kumwambia dada yake, ambaye tayari alikuwa na la chekeche.

Mwisho nikaangukia bati la kuchanjwa. Huko Buguruni, kwenye vyuma chakavu, kipande kimelala chini ya mlango wa Land Rover. Hilo halifumwi wala halichomelewi: wanachukua bati nene, wanalichanja mistari mistari, wanalivuta, na yale machanjo yanafunguka kuwa matundu yenye umbo la jicho. Ukilikata popote halifumuki, maana ni kitu kimoja tangu tumboni mwa mama yake. Na halina zinki, kutu tupu, kutu ya kweli, ya kusugua kwa brashi na kuunguza. Yule mzee wa vyuma akalipima kwa kilo. Kilo moja na nusu ya mbuzi. Nilimkumbatia.

Chini ya mkaa limekaa kama lilizaliwa pale. Majivu yanadondoka, mkaa unabaki, hewa inapita. Juu sasa. Nikaweka kipande kilichobaki, nikalaza vibua watano. Wabanikeni samaki kwenye bati la kuchanjwa muone. Kila jicho lina mdomo mkali ulioinuka kidogo, na ngozi ya kibua ikishaiva inaukamata huo mdomo kama mtoto aliyekataa kwenda shule anavyokamata mlango. Nilimgeuza wa kwanza: nyama ikaja, ngozi ikabaki. Wa pili: kichwa kikabaki. Wa tatu nilimla akiwa amesimama palepale kwenye wavu, nimeinama kama mbuzi anayekula kwenye hori.

Nikambebea fundi lile pipa kwa bajaji. Sikusalimia vizuri. Nikamweleza yote: zinki, zege, geji, pua, sumaku, chekeche, kibua. Akasikiliza, anafuta miwani. Halafu akanyoosha mkono ukutani nyuma yake, palipoegemea fimbo za nondo ya milimita 6, zile laini zisizo na mikunjo, mafuta hayana pa kujificha. Akazikata kumi na kitu kwa grenda, akazipanga kwenye fremu, kati ya moja na nyingine unene wa kidole, akachomelea kila ncha. Nusu saa. Kazi ya kilo moja ya mbuzi, na akaniachia chenji.

"Hizi zilikuwa hapa siku zote?"

"Zilikuwepo."

"Mbona uliniambia nikatafute wavu?"

"Wewe ndiye uliyesema wavu, mzee. Mimi ningejuaje unataka kuchoma nyama tu?"

Tu.

Basi pipa limekamilika. Kwa vibua nimemwomba fundi anitafutie kipande kidogo cha wavu wa pua, kakipata kwenye oveni bovu ya mwokaji mikate, na sijaleta sumaku. Lile roli la mita 29 na ushee halikupotea. Mama watoto alilitazama wiki mbili zile bila kusema neno, ya tatu akamwita kijana, wakachimbia miti minne nyuma ya choo, wakalizungushia. Sasa ana mitetea saba na jogoo. Nilipoanza kuwahesabu kwa jicho la pipa, akanikata mapema: ni wa mayai, na huyo jogoo ana kazi yake.

Kazi yake hasa sijaiona. Jioni ikiingia anaruka juu ya wavu wangu wa matundu ya pembe sita, anatembea hadi uani, anapanda juu ya kifuniko cha pipa, anakunja shingo, analala. Jumapili nilitaka kuwasha mkaa saa kumi na mbili na nusu ya jioni kwa ajili ya wageni. Nimesimama na kiberiti mkononi, namsihi ashuke.

Alifungua jicho moja, akalifunga.