Muuza dawa asiwe ndiye mpimaji

Ukiingia duka la pembejeo na jani moja la nyanya mkononi, utatoka na chupa. Muuzaji atalipindua hilo jani mara moja, atasema, "Huu ukungu, kaka, chukua hii, kifuniko kimoja lita tano," na mteja wa nyuma yako atakuwa keshaanza kuuliza bei ya mbegu za mchicha. Simlaumu sana. Kodi ya fremu inalipwa na chupa zinazotoka, hailipwi na ushauri, na wapo wauzaji wanaoijua mimea vizuri kabisa. Ila anayepata faida kwenye dawa asiwe ndiye anayeupa ugonjwa jina. Hospitali tunalielewa hilo, bustanini tunalisahau.

Tunaoumia zaidi ni sisi wa matuta matatu nyuma ya jiko na viroba vya sukuma wiki pembeni ya karo. Mwenye ekari zake anamjua bwana shamba, pengine hata namba yake ya simu anayo. Sisi wa mjini tunajiona hatustahili kumsumbua mtaalamu kwa ajili ya miche ishirini ya nyanya.

Tuseme nyanya yako inanyauka. Mchana majani yananing'inia, jioni yanajiinua kidogo, siku chache baadaye mche umelala chini na bado ni wa kijani. Inaweza kuwa kiu. Inaweza kuwa minyoo fundo kwenye mizizi, mnyauko wa fusari unaoletwa na ukungu, au mnyauko bakteria. Kwa jani peke yake hakuna bingwa wa kukuambia ni upi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha moja tu iguse maji, kisha tulia bila kuitikisa. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka taratibu kutoka kwenye shina. Hapo weka bomba chini, maana hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya mche huo. Ng'oa, choma, na eneo hilo usilipande tena nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa muda mrefu. Maji yakibaki safi bila nyuzi, fukua mizizi uitazame: ikiwa na vinundu vilivyovimba, ni minyoo fundo. Dawa ya ukungu haiwagusi hao wala bakteria wa mnyauko.

Kuna na lile doa jeusi lililodidimia kwenye kitako cha tunda. Hilo wala si ugonjwa wa kuambukiza. Kalsiamu haifiki kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu leo tunamwaga ndoo nne, halafu mgao wa maji unakata hadi keshokutwa. Watu wanalipulizia dawa msimu mzima, na doa linacheka tu.

Kumtambua adui kimakosa huwaponza hata mabingwa. Kidung'ata wa muhogo, mdudu mharibifu, alipoingia Congo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuanza kusambaa barani, wanasayansi walikwenda kumtafuta adui wake wa asili Amerika ya Kusini, unakotoka muhogo wenyewe. Upande wa kaskazini walimpata mdudu anayefanana naye sana, lakini alikuwa spishi nyingine, na maadui zake hawakufaa kitu kwa huyu wetu. Mwenyewe hasa alikuja kupatikana Paraguay, na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka huko akaachiliwa Nigeria mwaka 1981 na kuokoa mihogo ya nchi nyingi. Kama watu wenye darubini walipotea njia, picha yako ya WhatsApp iliyopigwa saa moja usiku, jani nusu na kidole nusu, itapata majibu kumi na dawa kumi.

Basi, pa kwenda ni hapa. Anzia ofisi ya kata, umuulizie afisa ugani. Ni mtumishi wa umma, na mjini wako pia. Akishindwa, na mtaalamu wa kweli husema ameshindwa, muulize sampuli ipelekwe wapi: taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kituo cha Tengeru wamebobea kwenye mboga na matunda, chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro wana wataalamu wa magonjwa na wadudu, na TPHPA ndiyo mamlaka ya afya ya mimea kisheria. Kenya wako KALRO, taasisi yao ya utafiti wa kilimo, na kuna mtindo ninaoupenda kuliko yote, kliniki za mimea zilizoenea kupitia mpango wa Plantwise wa shirika la kimataifa la CABI: meza, mwavuli, mtaalamu, na wakulima wamepanga foleni sokoni na miche yao mkononi. Ningetamani kila soko kubwa la Dar es Salaam liwe na meza kama hiyo, hata siku moja kwa wiki. Simu nayo inasaidia. Programu ya Nuru inatambua magonjwa ya muhogo kupitia kamera, kwa Kiswahili, hata bila bando. Usiipe tu mchicha wako.

Unapokwenda, beba mche mzima na mizizi yake na udongo kidogo, umeuzungushia gazeti. Ukiufunga kwenye nailoni utatoa jasho na kuoza njiani. Chagua ulioanza kuumwa, aliyekwisha kufa hana la kueleza. Tazama na chini ya majani kabla hujatoka, utitiri na inzi weupe ndiko wanakokaa. Ukikuta mabaka angavu yenye funza ndani yake na vinyesi vyeusi, taja mwenyewe kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyetuingilia Tanzania na Kenya mwaka 2014. Anajificha katikati ya ngozi mbili za jani, ndiyo maana sumu nyingi zinampita juu juu. Utaulizwa umemwagilia vipi, umeweka mbolea gani, wagonjwa wako pamoja au wametawanyika, na umeshapulizia nini. Hilo la mwisho usilifiche, kapige picha chupa uende nayo.

Na uwahi. Ikifika saa nne afisa yuko kwenye kikao.